Mlango wa Ajira Katika Asasi Zetu



Tarehe 28 Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti kuhusu mambo yaliyotendeka mashariki mwa Kongo, Kivu ya Kaskazini na Ituri, wakati wa Ebola. Mlipuko ule ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, na katikati hapo ukaua watu zaidi ya 2,200. Mmoja wa wenyeviti wawili wa tume alikuwa Julienne Lusenge, Mkongo anayejulikana kwa kuwatetea wanawake wa hukohuko mashariki. Ripoti ilitaja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono, na 21 kati yao ilithibitika kwamba walikuwa watumishi wa Shirika la Afya Duniani. Waandishi wa habari ndio waliolifukua jambo hili mwaka mmoja kabla: wanawake 51 wa Beni na maeneo ya jirani waliwasimulia yaliyowapata, na waliowataja walitoka Umoja wa Mataifa, serikalini, na pia katika mashirika yasiyo ya kiserikali.

Ripoti ile ilisomwa kama habari ya aibu, na ni aibu kweli. Leo naomba tuisome kama habari ya ajira. Wanawake wale walikuwa wanatafuta kazi. Kupika, kufagia, kupita mitaani kuelimisha watu. Mikataba mifupi, malipo ya dola 50 hadi 100 kwa mwezi, na kwa Beni ya wakati ule hizo zilikuwa zaidi ya mara mbili ya ujira wa kawaida. Wengine walifuatwa nje ya maduka, wengine palepale yalipobandikwa majina ya waliochaguliwa. Kwa kazi hizi ndogo za wenyeji hapakuwa na ushindani wa wazi. Aliyeshika kalamu ya kuandika orodha ndiye aliyekuwa ofisi nzima ya ajira, na alijua kwamba hakuna atakayemuuliza kwa nini jina hili limeingia na lile limeachwa.

Ndiyo maana leo nazungumzia ofisi ambayo katika asasi nyingi za kiraia iko chumba cha mwisho, nyuma ya stoo ya vipeperushi, na wakati mwingine ni kona tu ya meza ya mhasibu: ofisi ya rasilimali watu. Kwa wengi, kazi yake ni kujaza fomu za likizo, kutunza mafaili na kukumbusha watu kusaini daftari la mahudhurio. Nasema inapunjwa. Kiwanda kikitoa sabuni mbovu, mnunuzi atairudisha dukani. Asasi inampeleka mtu kwa mjane, kwa yatima, kwa mkimbizi, kwa msichana aliyetoka kufanyiwa ukatili, na hao hawana pa kumrudisha. Nguvu yote iliyopo kati ya mwenye kutoa na mwenye kupokea imewekwa mkononi mwa mtu mmoja, ambaye kuna watu walimsaili, wakamkubali, wakamvika kitambulisho shingoni. Waliomkubali ndio walinzi wa kwanza wa mlengwa, kabla ya sera ya ulinzi, kabla ya namba ya simu ya kupokea malalamiko.

Turudi nyuma kidogo, Haiti. Tetemeko la tarehe 12 Januari 2010 liliibomoa Port-au-Prince, na mashirika ya misaada yakamiminika. Mwaka 2011 shirika la Oxfam la Uingereza liliwachunguza watumishi wake waliotuhumiwa kununua ngono kwenye nyumba zilizokodiwa na shirika. Wanne walifukuzwa, watatu wakaachwa wajiuzulu, akiwamo mkurugenzi wa shirika nchini Haiti. Dunia ilikuja kuyajua hayo kwa undani Februari 2018, kupitia gazeti la The Times. Mimi nilishtushwa zaidi na kilichotokea kati ya miaka hiyo miwili. Mkurugenzi yule alipata kazi nyingine ya uongozi, Bangladesh, katika shirika la Action Against Hunger. Shirika hilo lilieleza baadaye kwamba liliulizia habari zake kabla ya kumwajiri na halikuonywa. Tena lilipokea sifa njema kutoka kwa watu waliowahi kufanya naye kazi, wakisema kwa nafsi zao wenyewe, na mmoja wao alikuwa mtu wa rasilimali watu.

Mtu wa rasilimali watu, msikilizaji. Yule ambaye faili hupita mikononi mwake.

Fedheha ile ilizaa utaratibu mpya. Tangu mwaka 2019 mashirika yaliyokubali kujiunga yanaulizana: mwajiri mpya anawaandikia waliomwajiri mwombaji katika miaka mitano iliyopita, na kuuliza kama aliwahi kupatikana na kosa la unyanyasaji wa kingono, au kama aliondoka huku uchunguzi ukiendelea. Swali lenyewe ni jepesi. Kujibu ndiko kugumu, hasa kwetu. Tuna ule moyo wa kusema nisimharibie mwenzangu riziki. Mtu ameondoka, kashfa imezimwa, ameaga kwa keki na picha ya pamoja. Leo unapigiwa simu kuhusu yeye, unasema alikuwa mchapakazi. Wasifu wenyewe umeorodhesha wadhamini watatu: kiongozi wa dini, mhadhiri wa chuo, na rafiki wa mzazi. Afisa anampigia mmoja, anaambiwa huyo ni kijana mwenye adabu, anaweka alama ya vema, faili linafungwa. Bosi wake wa mwisho hakuulizwa. Ningependa kila asasi inayofanya kazi na watoto ikatae kutoa barua ya ajira mpaka mwajiri wa mwisho amejibu kwa maandishi, hata kama mradi unachelewa kuanza na mfadhili ananung'unika. Riziki ya mmoja haiwezi kuwekwa juu ya mwili wa mtoto.

Sasa tuangalie upande wa pili wa mlango huohuo, yaani haki za huyo aliyeingia. Huku nako kuna maumivu, na mengi hufunikwa kwa neno tamu: wito. Utasikia katika vikao: sisi si kampuni, sisi tunafanya kazi ya wito. Kwa hiyo usiulize saa za ziada, usiulize mkataba, usiulize kwa nini michango yako ya hifadhi ya jamii haionekani. Naheshimu wito, na nimewaona watu wanaofanya kazi hizi kwa moyo ambao fedha haiwezi kuununua. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, haina kifungu kinachosema asasi isiyotengeneza faida imesamehewa. Saa 45 kwa wiki ni saa 45, ziwe za kiwanda cha nguo au za kituo cha watoto yatima. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mama aliyejifungua ana siku 84 za likizo yenye malipo, na akijifungua pacha ni siku 100. Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake.

Mkataba wa muda maalumu unahitaji maelezo marefu kidogo, maana ndio chakula cha kila siku cha asasi. Mradi wa miaka mitatu, mikataba ya mwaka mmoja mmoja inayoisha tarehe 31 Desemba. Krismasi ya mfanyakazi wa asasi, wenye uzoefu wanajua, si ya raha sana. Anasubiri barua. Meneja wa mradi anamkuta kwenye korido, anamwonea huruma, anamwambia: ndugu yangu usiwe na wasiwasi, fedha zinakuja, Januari tuko pamoja. Amesema kwa nia njema. Januari inafika, fedha hazijaja, mkataba hauhuishwi.

Sheria ile inasema kwamba kutohuisha mkataba wa muda maalumu, pale mfanyakazi alipokuwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa, ni kumwachisha kazi. Maneno ya korido, barua pepe ya kumpangia safari ya Februari, jina lake kwenye mpango kazi wa mwaka mpya, ukweli kwamba mkataba ulishahuishwa mara tatu bila maswali: vyote hivyo vinaweza kuwekwa mezani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Afisa rasilimali watu anayeijua kazi yake huzungumza na mameneja mwezi Septemba, si Desemba. Anawaambia kipi wanaweza kuahidi na kipi hawawezi. Anaandika barua mapema kwa kila mfanyakazi, iseme wazi mkataba unaisha lini na uamuzi wa fedha utajulikana lini. Barua hiyo ataichukia kila mtu kwa wiki moja, kisha itamruhusu baba au mama wa familia kupanga ada ya shule kwa hesabu ya kweli.

Kwa nini basi ofisi hii inadhoofika? Fuata fedha. Mfadhili anapenda kulipia kinachoonekana: visima, vitanda vya wagonjwa, mafunzo ya wasichana. Mtu wa kuajiri kwa uadilifu anahesabiwa katika gharama za uendeshaji, na gharama za uendeshaji ndizo za kwanza kukatwa. Serikali ya Marekani, kwa wanaopokea ruzuku zake bila kuwa na kiwango walichoafikiana nayo, ilikuwa ikiruhusu asilimia 10 kwa ajili ya gharama hizi, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 ikapandisha hadi 15. Humo ndimo zinatakiwa kutoka kodi ya ofisi, umeme, ukaguzi wa hesabu, na mshahara wa afisa rasilimali watu. Asasi ndogo iliyo chini ya asasi kubwa mara nyingi huipata asilimia hiyo ikiwa imeshapungua njiani.

Angalia karatasi moja uone ugumu wenyewe. Ni jedwali la saa la mhasibu wa asasi ya wilayani. Mshahara wake unalipwa na wafadhili watatu: asilimia 40 mradi wa UKIMWI, 35 mradi wa lishe, 25 mradi wa kuwainua vijana kiuchumi. Kila siku anatakiwa aandike saa alizotumia kwa kila mradi, na mwisho wa mwezi jumla zilingane na kazi aliyoifanya kweli. Asubuhi amelipa posho za semina ya lishe, mchana ametafuta risiti za mradi wa vijana, jioni benki imekataa malipo ya mradi wa UKIMWI na amekaa hapo mpaka saa mbili usiku. Mradi wa lishe ukiisha Juni, asilimia 35 ya mshahara wake inakosa mwenyewe ingawa kazi haijapungua hata kidogo. Anayetakiwa kuliona shimo hilo mwezi Machi na kumwambia mkurugenzi ni nani? Kama hakuna aliyeajiriwa kuliona, litaonekana siku mshahara unapoingia pungufu.

Kuna na deni jingine linalokua kimyakimya. Sheria ya Tanzania inampa mfanyakazi aliyefikisha mwaka, akiachishwa kwa sababu isiyo utovu wa nidhamu, kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, mpaka miaka 10. Miaka sita ni siku 42. Miaka hiyo sita imelipiwa na ruzuku nne tofauti, na mfadhili wa mwisho atasema, kwa haki yake, kwamba halipi deni la miaka ambayo hakuwapo. Dawa ipo: kiasi kidogo kiwekwe kila mwezi kwa kila mfanyakazi, kiingizwe katika bajeti ya kila andiko la mradi tangu mwanzo kama sehemu ya gharama ya kumwajiri. Anayeandika andiko hilo ni mtu wa miradi, na hufanya hivyo usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Mtu wa rasilimali watu huletewa bajeti ikiwa imeshatumwa.

Halafu ikaja Januari 2025. Tarehe 20 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku nne baadaye zikaanza kutoka amri za kusitisha kazi. Tarehe 10 Machi Waziri wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa, na tarehe 1 Julai shirika hilo lililoanzishwa mwaka 1961 likaacha kazi. Huku kwetu Afrika Mashariki, washauri nasaha wa kliniki za UKIMWI, wataalamu wa maabara, madereva na makarani wa takwimu walijikuta nyumbani. Kuna waliopata habari kwenye kundi la WhatsApp.

Amri ilitoka Washington, lakini mikataba ya ajira ilisainiwa Mwanza, Kisumu, Mbeya na Gulu. Sheria ya Tanzania, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu, azungumze na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe kuhusu njia za kuepuka kupunguza, namna ya kuchagua wa kuondoka, na malipo yao. Kenya, chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kuna taarifa ya mwezi mmoja, afisa wa kazi ajulishwe, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka. Fedha kufungwa ghafla hakukuzifuta sheria hizi. Palipokuwa na ofisi imara ya rasilimali watu, akiba ya kiinua mgongo ilikuwapo, mafaili yalionyesha nani ameanza lini, na watu waliitwa, wakaketi, wakaambiwa ukweli ana kwa ana. Palipokuwa na meza ya kona, mkurugenzi alibaki akitafuta mikataba ndani ya kompyuta ya mtu aliyekwisha ondoka.

Nataka pia niwataje wasiohesabika kabisa katika orodha ya wafanyakazi: wanaojitolea. Kujitolea ni jema letu la zamani, kuanzia msiba hadi ujenzi wa shule. Lakini yuko mwanamke anayetembelea kaya tangu asubuhi, siku tano kwa wiki, mwaka wa nne huu, ana fomu za kujaza, ana msimamizi, ana lengo la mwezi, na anapewa posho ya nauli tu. Anaitwa wa kujitolea kwa sababu akiitwa mfanyakazi atadai mkataba. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu wahudumu wa afya ngazi ya jamii, likashauri walipwe kwa kadiri ya kazi na muda wao, na wawe na makubaliano ya maandishi. Kenya ilianza Septemba 2023 na wahamasishaji wa afya wapatao 100,000, kwa shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu serikali kuu na nusu kaunti. Tanzania ilizindua mpango wake Januari 2024, lengo likiwa kuwafikia wahudumu zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Kiasi kinaweza kujadiliwa, ila serikali zimeshakubali kwamba hiyo ni kazi. Asasi zinazosimama majukwaani kutetea haki za wanawake hazina sababu ya kubaki nyuma ya serikali katika hili.

Najua wako wanaonisikiliza sasa na kusema: asasi yetu ina watu saba, tutampata wapi afisa rasilimali watu? Sawa. Watu saba hawahitaji idara. Wanahitaji mtu mmoja ambaye jukumu hilo limeandikwa kwenye maelezo yake ya kazi, mwenye kabati linalofungwa, na mwenye ruhusa ya kumfikia mwenyekiti wa bodi bila kupitia kwa mkurugenzi. Hiyo ruhusa ndiyo muhimu kuliko zote, maana malalamiko mengine yanamhusu mkurugenzi mwenyewe. Asasi jirani tano zinaweza pia kuchangia mtaalamu mmoja, awe Jumatatu hapa, Jumanne kule. Usaili wa nafasi yoyote, hata ya mpishi, ufanywe na watu watatu, mmoja wao akiwa mwanamke na mmoja akitoka nje ya mradi huo. Maswali yawe yaleyale kwa kila mwombaji, alama ziandikwe papo hapo na kila msaili kwa mkono wake, karatasi zitunzwe. Mtoto wa dada wa mkurugenzi aje kama wengine, na mkurugenzi siku hiyo akae nje ya chumba.

Na wewe mjumbe wa bodi, mstaafu mwenye heshima zako, mwalimu, mchungaji, shehe, mama mfanyabiashara, uliyeombwa uingie kwa sababu jina lako ni safi. Kikao kijacho utaletewa taarifa nzuri ya mradi yenye picha za watoto wakitabasamu. Kabla hamjaifungua, omba uletewe stakabadhi za NSSF za miezi mitatu iliyopita, orodha ya mikataba inayoisha mwaka huu, na majibu ya waajiri wa zamani kuhusu watu watatu walioajiriwa karibuni. Ukiambiwa yatatafutwa, omba kikao kisimame mpaka yapatikane.